Sitamtaja Jina

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mjane, mwenye macho yaliyoanza kuchoka na mkono ambao haujachoka. Jina lake watu walikwisha kulisahau. Hata kanisani, ambako kila mtu ni dada fulani au mama fulani, yeye alikuwa Fundi tu. Chumba cha mbele alishonea magauni na sare za shule, chumba cha nyuma alilala. Mwanawe wa pekee aliishi nchi nyingine. Alipiga simu kila Jumapili, akauliza afya, akauliza kama mvua imenyesha, kisha akasema mtandao unasumbua. Siku nyingine sita, sauti ndani ya nyumba ile ilikuwa ya cherehani. Ikisimama cherehani, ilibaki saa ya ukutani, na saa, jamani, si mtu wa kupiga naye soga.

Kwa hiyo alipohamia jirani mpya upande wa pili wa ukuta, Fundi alifurahi kuliko alivyoonyesha. Jirani mwenyewe alikuwa mama wa mabinti wawili mapacha wa miaka kumi, na tangu siku ya kwanza akaitwa Mama Pacha. Alifanya kazi chumba cha kufulia hospitalini, na vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa sabuni kali. Mumewe, alisema, yuko mbali kwenye mradi wa kujenga barabara, mkataba wake ni wa miaka mingi. Fundi hakuuliza zaidi. Waume wa kazi za mbali wako wengi.

Haukupita muda wakawa chanda na pete. Jioni Mama Pacha akitoka kazini alipitia kwa Fundi, akajitupa kwenye kiti cha wateja, akavua viatu. Mapacha walifanya kazi za shule juu ya meza ya kukatia vitambaa, na Fundi akawakemea wasitie wino kwenye satini ya watu. Mama Pacha alikuwa hodari wa kuigiza. Alimwigiza msimamizi wao wa kufulia, mama mmoja mnene aliyenusa kila shuka kama mtu anayechagua nyama, na Fundi akacheka mpaka akakosa mshono. Alikuwa hajakosa mshono kwa kucheka tangu mumewe azikwe.

Kila mwezi, Jumamosi moja, Mama Pacha alisafiri alfajiri na kurudi jioni. Alisema anakwenda kwa wakwe. Mapacha walibaki na Fundi, wakala kwake, na walimwita bibi.

Jumapili moja alasiri, baada ya safari kama hiyo, Mama Pacha alikuja peke yake na mkoba wa kitambaa mkononi. Aliomba arekebishiwe bitana ya ndani, imechanika. Fundi aliugeuza mkoba nje ndani. Mtu aliyeshona miaka thelathini anajua kilichochanika na kilichochanwa. Bitana ile ilikuwa imepasuliwa kwa kisu, mstari ulionyooka, pande zote mbili.

Fundi akauliza ni panya gani huyo mwenye kisu.

Alikuwa anatania. Lakini mwenzake hakucheka. Alitazama mlango, akausukuma ukafunga, kisha akasema, "Ni askari wa gereza. Wanapekua kila kitu."

Akaeleza yote, kwa sauti ya chini, huku akizungusha kigurudumu cha uzi kidoleni. Mumewe alikuwa dereva wa lori. Siku moja aliendesha akiwa amelewa, akagonga watu wawili waliokuwa wakitembea kando ya barabara, mtu na dada yake, wakafa wote. Alifungwa miaka tisa. Minne imekwisha. Hakuna mradi wala barabara. Mapacha walikuwa wadogo wakati ule, wakaambiwa baba amepata kazi ya mbali, na uongo ukakua pamoja nao. Alikuwa akisubiri wafike umri wa kuelewa, awaambie mwenyewe, kwa maneno yake, siku aliyoichagua.

"Hujasikia kitu," alimwambia Fundi.

Fundi akamshika mkono, akasema siri hiyo imeingia kaburini. Na alimaanisha. Hilo ndilo lililomsumbua sana baadaye, kwamba wakati ule alimaanisha kabisa.

Sasa, kanisani kwao kulikuwa na kikundi cha maombi cha akina mama kilichokutana kila Alhamisi saa kumi jioni, kwenye chumba cha nyuma penye mabenchi na pazia lenye doa la maji. Walikuwa saba. Kabla ya kuomba, kila mmoja alitoa haja yake. Mmoja alikuwa na mkwe mlevi, mwingine ana goti, mwingine kijana wake ameacha shule. Aliyesema sana kuliko wote ni mama mmoja aliyeitwa Mama Nukta kwa sababu alimaliza kila kauli kwa neno hilo: mchungaji amekosea, nukta, chai hii haina sukari, nukta. Zamu ikimfikia Fundi, yeye hakuwa na la kusema. Macho yake? Walikwisha kuyaombea. Mwanawe? Mzima. Alisema asanteni, mimi salama, na zamu ikampita kama mtu anavyoruka dimbwi. Miaka mitatu hakuna aliyewahi kumsogelea kwenye benchi amsikilize vizuri.

Alhamisi ile zamu ilipomfikia, kinywa chake kilifunguka kabla hajaamua.

Alisema kuna dada mmoja, sitamtaja jina, mwenye mzigo mzito. Mumewe yuko gerezani, na watoto hawajui, wanadhani baba yuko kazini. Tumwombee. Akina mama wakainua vichwa. Mwenyekiti akaweka miwani sawa. Aliyekaa mwisho wa benchi akasogea karibu. Mama Nukta akauliza, kwa upole ambao haukuwa kawaida yake, amefanya kosa gani, masikini. Fundi akasema ni ajali, pombe, watu wawili. Mwingine akauliza, gereza lenyewe liko mbali? Akaitikia kwa kichwa. Akauliza tena, na watoto ni wadogo? Akasema wana miaka kumi tu. Machozi yakamtoka, na yalikuwa ya kweli. Mkono wa mtu ukamkalia begani.

Hakutaja jina. Lakini ukimwaga mtama kwenye kuku wengi, huhitaji kuwaonyesha punje iko wapi. Waliomba muda mrefu kuliko siku zote, na wakati wa kutoka watatu walimsindikiza mpaka mlangoni kwake. Njia nzima walimwita dada. Fundi aliingia ndani amechangamka, akapika vizuri, akala chakula chake chote. Kitu kidogo kilimchoma moyoni, kama pini iliyosahaulika kwenye pindo, lakini akajiambia kwamba hakusengenya, aliomba. Na maombi hayajawahi kumdhuru mtu.

Siku nane zilipita. Siku ya nane mapacha walirudi kutoka shule mapema, mmoja ana mkono wa sare ulioning'inia begani kwa nyuzi chache, mwingine ana mkwaruzo shavuni. Fundi aliwaita dirishani. Hawakugeuka. Waliingia kwao wakafunga mlango.

Jioni Mama Pacha alikuja. Hakuketi wala kuvua viatu. Alisimama kizingitini na mkoba wake wa kazini bado begani, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo lilimtisha Fundi kuliko kelele.

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu," Fundi alisema. "Tuliomba tu. Na sikutaja jina."

"Mlimwomba nani?"

Fundi hakuelewa swali. Akasema, Mungu.

"Mungu alikuwa anajua tayari," Mama Pacha alisema. "Nilikuwa nikimwambia mwenyewe, kila siku. Hukuwa na haja ya kumpelekea habari zangu kupitia kwa watu saba."

Kisha akaeleza kilichotokea, kama mtu anayetoa taarifa kituoni. Binti wa mmoja wa wale akina mama alisoma darasa moja na mapacha. Wakati wa mapumziko aliwaambia mbele ya darasa zima kwamba baba yao hajengi barabara, baba yao ni muuaji. Pacha mmoja akampiga. Mwalimu akawaita wote ofisini, yeye naye akaitwa atoke kazini kwa saa moja, na pale ofisini, mbele ya mwalimu mkuu na mtoto wa watu anayelia, Mama Pacha akaulizwa na wanawe kama ni kweli. Hakuwa amechagua siku hiyo. Hakuwa na maneno.

"Nikasema ndiyo," alisema. "Ningesema nini?"

Akaondoka. Hakuubamiza mlango, aliuegesha tu, taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Kuanzia hapo hapakuwa na ugomvi wowote. Fundi alitamani uwepo. Mtu akikutukana una cha kujibu, una pa kuanzia kuomba radhi. Mama Pacha alimsalimu kila asubuhi uani, habari za kuamka, nzuri, akaenda zake. Mapacha walisema shikamoo bibi, wakatazama chini, wakapita. Mkono wa ile sare mama yao aliushona mwenyewe, mishono mikubwa iliyopinda, uzi mweupe juu ya kitambaa cha bluu. Kila asubuhi Fundi aliuona mkono ule ukipita mbele ya dirisha lake. Vidole vyake vilimwasha. Ingekuwa kazi ya dakika tano.

Jioni alisikia kupitia ukutani vijiko, maji yakimiminwa, mtoto akisoma kwa sauti. Hakuweza kusikia maneno. Mara mbili alijikuta amechemsha chai ya watu wanne, akainywa peke yake mpaka usingizi ukamkataa.

Wateja ndio waliozidi. Wanawake ambao hawakuwahi kumletea hata kifungo walikuja na magauni yasiyo na tatizo, wakataka yapunguzwe kidogo hapa, yaongezwe kidogo pale, na huku wakipimwa waliuliza, eti yule jirani yako anaendeleaje? Ni kweli mumewe alipogonga watu walikuwa wamelewa wote wawili garini? Habari ilikuwa imetiwa chumvi mpaka Fundi mwenyewe hakuitambua. Aliwajibu kwamba hajui. Wakakonyezana, kwamba leo amekuwa mtakatifu. Akamaliza kupima, akabaki na futi mkononi na aibu usoni. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na Fundi alikuwa amekariri methali hiyo tangu utotoni, akiwaambia wengine.

Wiki ya nne alikwenda kwa mchungaji. Alimkuta nyuma ya kanisa amepiga magoti akipaka rangi mguu wa benchi, na mchungaji hakuinuka, alimwonyesha ndoo iliyopinduliwa akae. Fundi akasimulia. Akasema amefunga siku tatu, amelia, amemwomba Mungu amwekee bawabu mdomoni, lakini moyo haujatulia.

Mchungaji aliendelea kupaka rangi kwa muda. Kisha akauliza, "Ulisemea wapi?"

"Kwenye maombi. Mbele ya wenzangu."

"Na umetubu wapi?"

"Chumbani."

Mchungaji akachovya brashi, akaikung'uta kwenye ukingo wa kopo. Fundi hakuhitaji asemewe zaidi. Aliposimama aliona amekalia rangi. Sketi yake ya Jumapili ilikuwa na duara la kahawia nyuma, na mchungaji wa watu akaomba msamaha mara kumi, akasema na yeye anahitaji bawabu, wa ndoo. Hiyo ndiyo mara ya pekee Fundi alipotabasamu mwezi ule.

Alhamisi zamu ilipomfikia alisimama, jambo ambalo hakuna aliyelifanya pale. Alisema kwamba siku ile alileta humu ndani kitu kisicho chake. Aliaminiwa, akakitoa, akakiita maombi. Alisema alifanya hivyo kwa sababu alitaka kusikilizwa, na kwamba walipomsogelea aliona raha, na raha hiyo aliinunua kwa machozi ya watoto wawili. Akaomba msamaha kwa Mungu na kwao, kwa kuwatwisha mzigo ambao hawakustahili kuubeba.

Pazia likapepea.

"Lakini ilikuwa kweli," Mama Nukta alisema. "Hukusema uongo. Nukta."

"Ilikuwa kweli," Fundi alijibu. "Haikuwa yangu."

Hakumtazama yule mama ambaye binti yake alisema darasani. Alijitahidi asimtazame. Lakini wengine wote walimtazama, na yule mama akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake, akatafuta muda mrefu. Mwenyekiti akakohoa, akasema tushukuru kwa ushuhuda wa mwenzetu, na sasa tuzungumzie lile pazia, maana linatia aibu. Wakalizungumzia.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita dada. Hawakumfukuza, la. Walimwachia nafasi kubwa kwenye benchi. Mtu akitubu kosa ambalo wote walilishiriki, huwa amewataja wote bila kutaja jina la yeyote, na watu hawasahau upesi. Fundi alikuwa ameenda pale akitarajia kutua mzigo, akarudi na mwingine. Lakini usiku huo alilala.

Kesho yake alimfuata Mama Pacha kwenye kamba ya nguo. Mwenzake alikuwa akianika mashuka, na mikono yake ilienda haraka, kama iko kazini. Fundi akasimama upande wa pili wa shuka, akamwambia alichokisema kwenye kikundi, neno kwa neno. Hakuongeza kwamba aliogopa. Hakuongeza kwamba alilia. Akamwambia, nimekukosea, na sina cha kujitetea.

Mama Pacha alibana nguo ya mwisho. Shuka liliwatenganisha, Fundi aliona miguu yake tu, na kandambili zilizolika upande mmoja.

"Nilishakusamehe," alisema. "Wiki ile ile. Nisingeweza kufanya kazi na kitu hicho kifuani. Lakini kukusamehe ni jambo moja, Fundi. Kuja tena kukaa kwenye kile kiti ni jambo lingine. Hilo sijui kama nitaliweza."

Fundi akasema anaelewa.

"Jumamosi nitakwenda nao," Mama Pacha aliendelea. "Kwa baba yao. Wenyewe wamesema wanataka kumwona. Na usije ukadhani umetusaidia."

"Sidhani."

"Basi."

Akainua beseni lake tupu, akaingia ndani. Jumamosi Fundi aliwasikia wakitoka kabla ya jua, hatua za watu watatu badala ya mmoja. Waliporudi jioni alikuwa ameketi mlangoni na kazi mapajani, akijifanya anachomoa uzi. Mapacha walikuwa wamevimba macho, na mmoja alikuwa ameshika mkono wa mama yake kama mtoto wa miaka minne. Wakasema shikamoo bibi. Akasema marahaba wanangu. Alitaka kuuliza mambo elfu moja. Akachomoa uzi.

Miezi ikaenda. Fundi alijifunza kunyamaza, na kunyamaza, kwa mtu anayeishi peke yake, ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Mwenye nyumba iliyojaa akizuia neno hapa, ana maneno mengine mia ya kusema kule. Fundi neno lake moja alilolizuia mara nyingi ndilo lililokuwa la siku nzima. Wateja wa umbea walipungua, wakaenda kwa mshonaji wa barabara ya pili, ambaye mkono wake ni mzito lakini mdomo wake mwepesi.

Kisha Jumanne moja ya mvua, aliingia Mama Nukta. Alikuja peke yake, na gauni la kupunguza. Fundi alimzungushia futi kiunoni, akasoma, akazungusha tena akidhani macho yamemdanganya. Vipimo vyake vya mwaka uliopita vilikuwa kwenye daftari. Kiuno kilikuwa kimepungua inchi sita. Aliandika namba, akachukua pini.

Mama Nukta alisimama mbele ya kioo, mikono imeinuliwa kidogo kama ndege aliyelowa. Akasema kwamba madaktari wameona uvimbe tumboni. Atapasuliwa mwezi ujao, mji mwingine. Nyumbani anajua mumewe tu.

"Kikundini wasijue," alisema. "Nitawaambia mwenyewe nikirudi. Kama nitarudi."

Hakuweka nukta. Fundi, pini mdomoni, alimtazama kupitia kioo. Akazitoa pini moja moja, akazichoma kwenye kimto cha pini, akamuuliza kwa nini amemwambia yeye, yeye miongoni mwa watu wote.

"Wewe ndiye pekee ninayejua kwamba anajua umbea ni umbea," Mama Nukta alisema. Akajifuta pua kwa nyuma ya mkono. "Sisi wengine bado tunauita maombi."

Fundi hakumwahidi kwamba siri imeingia kaburini. Alikwisha kulisema neno hilo mara moja. Alipunguza gauni, akaacha kitambaa cha akiba ndani ya mishono yote, cha kutosha kutanua tena mtu akinenepa.

Wiki saba Mama Nukta hakuonekana. Kila Alhamisi wenzake walijiuliza. Mmoja alisema amegombana na mumewe. Mwingine alisikia amekwenda kanisa jingine. Mwenyekiti akamgeukia Fundi, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na akina mama wote wakageuka naye, wakasogea kidogo. Fundi, si wewe unayemshonea? Hukusikia lolote?

Benchi lilikuwa lile lile, na nyuso zile zile zilizomwinamia siku ya kwanza. Alihisi kinywa kikijaa. Ingetosha kusema hali yake si nzuri, tumwombee. Maneno matano tu, na yote ya huruma.

"Namshonea," alisema Fundi. "Gauni lake lilikwisha."

Wakarudi nyuma, wakaendelea na mwenye goti. Walipoinamisha vichwa kuomba, Fundi alimwombea mgonjwa wake midomo ikiwa imefungwa, akalitaja jina lake kamili, lile la ubatizo, ambalo pengine hakuna mwingine pale aliyelikumbuka.

Mama Nukta alirudi. Alikuwa mwembamba, anatembea ameshika ubavu, lakini alirudi, akasimama mbele yao akasema mwenyewe yote, jinsi alivyopenda, kwa mpangilio alioutaka, akaweka nukta nne. Wakalia, wakamkumbatia. Katikati ya shangwe mwenyekiti akauliza ni nani aliyejua. Mama Nukta akamwonyesha Fundi kwa kidevu.

Nyuso zikageuka. Mmoja akasema, taratibu, kwamba mwenzao alikaa hapa wiki saba akawaacha wapige ramli. Mwingine akaguna. Mama Nukta alitaka kujibu, lakini watu walikuwa wengi kumzunguka, na alikuwa amechoka, wakamketisha.

Fundi aliaga, akatoka. Nje mvua ilikuwa imekatika na barabara ina madimbwi. Alipita dukani, akanunua uzi wa bluu na mkate. Uani Mama Pacha alikuwa akifagia maji mbele ya mlango wake. Akamwambia, habari za jioni. Fundi akasema nzuri. Mama Pacha akafagia pia kipande cha mbele ya mlango wa Fundi, kwa kuwa maji yalikuwa yanatiririkia huko, kisha akaegemeza ufagio ukutani akaingia kwake.

Fundi akavua viatu, akawasha taa, akafunua kitambaa cha mteja wa kesho, akaanza kukipiga chaki.